Ushuru wa Korosho Si Fadhila ya Hazina

Kila msimu wa bajeti unapokaribia, hoja ile ile hurudi. Taifa ni moja, mfuko ni mmoja. Kodi ni kazi ya Hazina, kwa kuwa Hazina ndiyo inayoiona nchi nzima kuanzia Mtukula hadi Mtambaswala. Wengine wote, yaani mkulima, mfanyabiashara, chama cha ushirika na halmashauri, wataitwa kama wadau, watatoa maoni, watashukuriwa kwa kuja, kisha watasubiri Juni wasikie kilichoamuliwa. Anayehoji utaratibu huo huambiwa ana ukanda, au hajui uchumi.

Hoja hii imekubalika mno hata wanaoumizwa nayo huirudia. Nimeisikia kwa wasomi, kwa madiwani, na hata kwa viongozi wa ushirika ambao ofisi zao zinaendeshwa kwa jasho la wakulima. Ninaipinga. Sera ya kodi inayogusa zao la eneo fulani haiwezi kuliendeleza eneo hilo ikiwa inapangwa bila wazalishaji, wanunuzi, wenye viwanda na serikali za mitaa kukaa na Hazina meza moja, kila mmoja akiwa na haki ya kisheria ya kujua, kupendekeza na kujibiwa. Ushauri unaoombwa baada ya uamuzi kufanyika hauwezi kuitwa ushirikiano.

Nitatumia mfano wa korosho ya Kusini mwa Tanzania, kwa sababu sioni zao jingine lililoonyesha wazi kiasi hicho gharama ya kuamini kwamba Hazina peke yake inatosha.

Tuanze na sheria. Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009, pamoja na marekebisho yake, iliweka ushuru kwa korosho ghafi zinazouzwa nje ya nchi: asilimia 15 ya thamani ya mzigo bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Makusudi yalikuwa mawili. Kwanza, kuifanya korosho ghafi iondoke kwa gharama ili viwanda vya kubangulia vipate nafasi nyumbani. Pili, kupata fedha za kuliendeleza zao lenyewe. Ndiyo maana mgawanyo wake ukawekwa bayana: asilimia 65 ziende kwenye tasnia, kupitia mfuko wa kuendeleza zao la korosho, na asilimia 35 ziingie Mfuko Mkuu wa Hazina. Pembejeo, miche bora na utafiti vilitegemea zile 65. Taifa lilipata sehemu yake, na zao likapata sehemu yake.

Sasa tuulize: mlipaji wa ushuru huu ni nani? Kwenye karatasi ni kampuni inayosafirisha. Lakini nenda mnadani Tandahimba au Newala mwezi wa Oktoba, msimu unapofunguliwa. Kabla mauzo hayajahamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, wanunuzi walikuwa wakitumbukiza barua zao kwenye sanduku. Sanduku lilikuwa likifunguliwa mbele ya wakulima, na barua zikisomwa moja moja kwa sauti: jina la kampuni, kiasi inachotaka, bei kwa kilo. Wakulima walisikiliza huku wakipiga hesabu vichwani. Kisha liliulizwa swali moja: tunauza, hatuuzi? Wakisema hatuuzi, sanduku lilifungwa na watu wakarudi nyumbani.

Jana barua, leo kielektroniki, kila bei inayotolewa mnadani imeshanyofolewa ushuru. Mnunuzi anajua korosho inauzwaje Vietnam na India. Anatoa nauli ya meli, anatoa magunia, anatoa ghala, anatoa faida yake, anatoa ushuru wa Serikali, na kinachobaki ndicho anachokitoa kama bei. Tuchukue mfano wa hesabu rahisi: korosho ikiwa na thamani ya shilingi 4,000 kwa kilo bandarini, asilimia 15 yake ni shilingi 600. Shilingi hizo 600 zimetoka kwenye kilo ya mkulima wa Nanyamba kabla hajaambiwa bei. Juu yake bado kuna ushuru wa mazao wa halmashauri, na makato ya chama cha msingi na chama kikuu.

Mkulima huyu ana haki ya kuikataa bei ya kampuni kubwa mbele ya umma, na sheria ya stakabadhi ghalani inamlinda anapofanya hivyo. Lakini ushuru unaoishusha bei hiyo hana pa kuukataa wala pa kuuhoji. Soko limempa kiti, Hazina imemnyima. Mlipa kodi mkubwa kuliko wote katika tasnia hii ndiye asiyekuwepo kodi inapopangwa, na wahenga walishasema: asiyekuwepo na lake halipo.

Juni 2018 methali hiyo ikatimia. Kupitia Muswada wa Sheria ya Fedha, Serikali ilipendekeza mgawanyo wa 65 kwa 35 ufutwe na ushuru wote uingie Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini, wa chama tawala na wa upinzani, walisimama pamoja kwa namna inayoonekana mara chache Dodoma. Walikuwa pia wakidai mabilioni ya shilingi ya misimu iliyopita ambayo, kwa sheria iliyokuwepo, yalipaswa kuwa yamekwishafika kwenye tasnia. Jibu walilopewa ni lile lile: mfuko ni mmoja, mahitaji ya korosho yataombwa kwenye bajeti kama mahitaji mengine. Kifungu kikapita.

Jibu hilo linaonekana la busara mpaka uliweke karibu na mkorosho. Adui mkubwa wa zao hili ni ubwiriunga, ukungu mweupe unaovamia maua na majani machanga. Dawa yake ya siku zote ni salfa. Hupulizwa alfajiri, kabla upepo haujaanza na umande ukiwa bado kwenye majani ili unga ushike, na hurudiwa kwa awamu kadhaa zinazopishana kwa wiki mbili hivi. Mikorosho ya ukanda wa Mtwara huanza kuchanua kati ya Juni na Julai. Maana yake salfa inatakiwa iwe imefika bandarini, imepakuliwa, imegawanywa kwa vyama vya msingi na imelala nyumbani kwa mkulima kabla ya ua la kwanza. Ua lililounguzwa na ubwiriunga halirudi. Hakuna bajeti ya nyongeza inayoweza kulifufua.

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai. Bunge linapitisha bajeti mwishoni mwa Juni, wizara zinaanza kuomba fedha, Hazina inatoa kadiri makusanyo yanavyoingia, na ununuzi una taratibu zake. Fedha za salfa zikisubiri njia hiyo, zitafika maua yakiwa yamekwishaanguka. Mfuko uliokusanya ushuru wa Oktoba hadi Januari ungeweza kuagiza salfa Februari kwa ajili ya Juni. Mfuko Mkuu haukuundwa kwa kazi hiyo. Haya ni mambo ambayo katibu wa chama cha msingi anayajua bila kufungua kitabu, na ndiyo sababu alistahili kuwa ndani ya chumba.

Kilichofuata kinajulikana. Msimu wa 2017 bei ilikuwa imepita shilingi 4,000 kwa kilo katika baadhi ya minada. Minada ya Oktoba 2018 ilipofunguliwa, wanunuzi walileta bei zilizo chini ya shilingi 3,000, na wakulima wakasema hatuuzi. Novemba mawaziri wawili, wa Kilimo na wa Viwanda na Biashara, wakaondolewa. Serikali ikatangaza kwamba itanunua korosho yote yenyewe kwa shilingi 3,300, na magari ya Jeshi la Wananchi yakaingia barabarani kubeba mzigo. Januari 2019 ukasainiwa mkataba na kampuni moja ya Kenya ya kununua tani 100,000. Mkataba huo haukuzaa kitu. Uhakiki wa wakulima ulichukua miezi, na wapo waliosubiri malipo yao hadi ndani ya mwaka 2019 huku ada za shule zikidaiwa.

Uzalishaji nao uliporomoka. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 310,000. Uliofuata ulishuka hadi karibu tani 225,000, na kufikia 2020/21 tulikuwa karibu tani 210,000. Sidai kwamba kifungu kimoja cha sheria kiliuangusha msimu mzima peke yake. Hali ya hewa ilichangia, bei ya dunia ilichangia, na vurugu za malipo zilichangia. Lakini mkulima aliyecheleweshewa fedha, na ambaye mfuko wa pembejeo umekwishafutwa, atanunua salfa kwa nini? Wengi walikwenda kwa kangomba. Mtu wa kangomba anampa mkulima fedha kidogo mwezi wa Juni, kisha anarudi Oktoba kuchukua korosho kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Ndivyo sera iliyodai kukusanya fedha zaidi kwa ajili ya taifa ilivyowapa wachuuzi wa gizani mtaji ambao taifa haliuoni.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Miaka kumi na mitatu baadaye, 1986/87, tulikuwa chini ya tani 20,000. Watu walihamishiwa vijijini na kuyaacha mashamba mbali na nyumba zao, bei ilipangwa kutoka juu nayo ikawa ndogo, ubwiriunga ukaingia ukakuta mashamba hayana mwenyewe. Katika miaka hiyo hiyo tulikopa fedha tukajenga viwanda vikubwa 12 vya kubangulia. Vilipokamilika hapakuwa na korosho za kuvitosha. Vingine havikuwahi kufanya kazi ipasavyo, vikauzwa, vingine vikageuka maghala. Kila uamuzi kati ya hayo ulikuwa na nia njema na ulifanywa na watu wenye elimu. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba mpango wa kiwanda na mpango wa shamba haiendi pamoja.

Baada ya miaka michache Serikali yenyewe ilirudi nyuma. Sehemu ya ushuru ikaanza tena kurudishwa kwenye zao, na salfa na viuatilifu vikagawiwa wakulima kwa ruzuku. Msimu wa 2024/25 mavuno yalivuka tani 500,000, kiasi ambacho nchi haikuwahi kukifikia, na viongozi wa Serikali wanazitaja pembejeo za ruzuku kuwa miongoni mwa sababu kubwa. Ninawapongeza kwa hilo bila kigugumizi. Lakini hapo ndipo hoja ya mfuko mmoja inapovunjika kabisa. Kilichosemwa hakiwezekani 2018 kimewezekana, na taifa halikugawanyika. Ulimwengu wa wachumi haukutushangaa. Barabara za Kagera na hospitali za Tabora hazikufungwa kwa sababu mkulima wa Liwale amepata salfa.

Hata hivyo, sishangilii nikalala. Kilichorudishwa kimerudishwa kama fadhila.  Waziri mwingine, katika mwaka mwingine wenye uhaba wa fedha, anaweza kukiondoa kwa mstari mmoja wa Muswada wa Fedha, na mkulima atasikia redioni. Eneo haliwezi kujenga uchumi wake juu ya fadhila. Chama kikuu hakiwezi kukopa benki kujenga kiwanda cha kubangulia kwa mpango wa miaka kumi kikiwa hakijui ushuru wa mwakani utakwenda wapi.

Nizijibu sasa hoja za upande wa pili, kwa sababu zinazungumzwa na watu makini.

Ya kwanza ni ya usawa: kwa nini Mtwara ibaki na fedha zake wakati mikoa mingine haina korosho? Hakuna anayedai Mtwara ibaki na fedha zote. Kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa forodha vinaingia mfuko mmoja na vinapaswa kuendelea kuingia huko. Tunachozungumzia ni ushuru uliowekwa kwa kusudi maalumu juu ya zao maalumu. Na kanuni hiyo Hazina inaikubali pale inapopenda. Tozo ya mafuta inakwenda Mfuko wa Barabara. Umeme wa vijijini una mfuko wake tangu Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005. Tangu 2015 reli inapata tozo, iliyoanza kwa asilimia 1.5, kwenye bidhaa zinazoingia nchini. Bodi ya Mfuko wa Barabara ina wawakilishi wa watumiaji wa barabara kutoka sekta binafsi ndani yake, na hakuna aliyewahi kusema kwamba wenye malori wamelivunja taifa kwa kukaa kwenye bodi hiyo. Iweje mwenye lori aaminiwe na mwenye mkorosho asiaminiwe?

Ya pili ni ya ufisadi: mfuko wa korosho ulikuwa na malalamiko, pembejeo zilichelewa, fedha hazikuonekana. Ni kweli malalamiko yalikuwepo, na wakulima ndio waliokuwa wa kwanza kuyatoa. Basi dawa ya mfuko mbovu ni nini? Ni kuwawajibisha walioharibu, kuweka hesabu hadharani na kubadilisha usimamizi. Kuhamisha fedha kutoka mahali ambapo mkulima anaona kidogo kwenda mahali asipoona kabisa hakuponyi wizi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutuonyesha kila mwaka kwamba fedha huweza kupotea popote zisipokuwa na mtu wa kuziuliza, iwe wizarani au kwenye halmashauri. Mtu wa kwanza wa kuziuliza ni yule aliyezilipa.

Ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo wasomi wengi wanayoitegemea: ukiwakaribisha wafanyabiashara kwenye meza ya kodi watajiandikia misamaha. Hatari hiyo ipo. Afrika Mashariki inaifahamu vizuri. Mwaka 2012 ripoti ya ActionAid na Tax Justice Network-Africa ilikadiria kwamba Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zilikuwa zikipoteza hadi dola bilioni 2.8 kwa mwaka kwa misamaha na vivutio vya kodi. Lakini tuangalie misamaha hiyo ilipatikana wapi. Ilipatikana kwenye mazungumzo ya faragha, kati ya mwekezaji mmoja na ofisi moja, hakuna mkulima, hakuna diwani, hakuna mwandishi wa habari. Meza ya wazi ndiyo kinga yake. Kwenye korosho mnunuzi wa ghafi anataka ushuru ushuke, mwenye kiwanda cha kubangulia anataka upande, mkulima anataka bei na salfa, halmashauri inataka mapato yake, Hazina inataka ya kwake. Wakiwekwa pamoja, kila mmoja atamchunguza mwenzake. Mwekezaji mmoja akiwekwa peke yake na afisa mmoja, hakuna wa kumchunguza yeyote.

Ya nne ni ya muda: ushirikishwaji unachelewesha, na nchi haiwezi kusubiri. Ningependa anayesema hivyo atazame gharama ya kutoshirikisha. Mei 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa, Mtwara iliwaka moto kwa sababu ya bomba la zaidi ya kilomita 500 la kupeleka gesi Dar es Salaam; watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa. Hasira ile ilitokana na swali moja ambalo hakuna aliyekwenda kulijibu mapema: sisi tunabaki na nini? Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa siku kadhaa wakilalamikia kodi na jinsi zinavyokusanywa, mpaka Waziri Mkuu akaenda kuwasikiliza. Juni 2024 wakafunga tena, na mgomo ukasambaa hadi miji mingine. Baada ya hapo ndipo Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi ikaundwa chini ya Balozi Ombeni Sefue. Jirani zetu Kenya wameandika ushiriki wa wananchi katika mambo ya fedha kwenye Ibara ya 201 ya Katiba yao. Maoni yalipokusanywa na kuonekana kupuuzwa, Juni 2024 vijana waliingia Bungeni Nairobi, wengine wakauawa, na siku iliyofuata Rais akakataa kutia saini Muswada wa Fedha. Hakuna ucheleweshaji wa vikao unaofikia gharama hiyo.

Na hapa pana somo chungu kwa Kusini. Mwenye duka Kariakoo akifunga duka, nchi inasikia kabla ya saa sita mchana. Mkulima wa korosho hana cha kufunga. Mkorosho utachanua Julai apende asipende, na asipopuliza salfa anajiadhibu mwenyewe. Ikiwa mgomo ndio umekuwa njia pekee ya kufika mezani, basi tumejenga utaratibu unaowasikiliza wenye maduka mjini na kuwasahau wenye mashamba. Hilo peke yake linatosha kudai kiti kilichoandikwa kisheria.

Watasema viti vipo. Baraza la Taifa la Biashara lipo tangu 2001, na mwenyekiti wake ni Rais. Kuna mabaraza ya biashara ya mikoa na wilaya. Kuna kamati za ushauri za mikoa. Kuna kikosi kazi cha Wizara ya Fedha kinachokusanya mapendekezo ya kodi kila mwaka. Vyombo hivyo ni vizuri na nisingependa vifutwe. Kasoro yao ni kwamba kila kimoja kinaruhusiwa kusikiliza na hakuna kinacholazimika kujibu. Pendekezo likipelekwa linapotea. Muswada wa Fedha ukitoka, aliyependekeza hajui kama lilisomwa, lilikataliwa kwa sababu gani, au lilichukuliwa nusu. Baraza la mkoa lisilo na mamlaka hata ya kudai jibu la maandishi haliwezi kuitwa mshirika wa sera ya kodi.

Ninachotaka kinaweza kuanza msimu ujao.

Kwanza, mgawanyo wa ushuru wa korosho ulindwe kwenye sheria mama ya tasnia kwa asilimia inayojulikana, na usibadilishwe kupitia Muswada wa Fedha bila taarifa ya angalau msimu mmoja kamili. Atakayetaka kuubadilisha aje kwanza Mtwara, Lindi na Ruvuma, aseme, asikilizwe, na asikilize.

Pili, kuwe na baraza la ushuru wa korosho lenye Hazina, Mamlaka ya Mapato (TRA), Bodi ya Korosho, vyama vikuu kama TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao, wabanguaji, wanunuzi, halmashauri za wilaya na watafiti wa korosho wa kituo cha Naliendele. Likutane kabla ya Februari, mapendekezo ya kodi yanapokusanywa, na Hazina ilazimike kulijibu kwa maandishi, pendekezo kwa pendekezo, kabla Muswada haujafika Bungeni. Uamuzi wa mwisho utabaki kuwa wa Bunge, kama Katiba inavyotaka. Bunge litaamua likiwa na majibu mkononi.

Tatu, hesabu zibandikwe. Kila msimu ukiisha, kwenye ubao wa kila chama cha msingi, pale pale yanapobandikwa majina na malipo, yawekwe mambo manne: ushuru uliokusanywa, uliotolewa kwa tasnia, ulichonunua, na kilichofika kwenye chama hicho. Mkulima anayejua kusoma bei ya mnada anajua kusoma na hayo.

Nne, fedha za salfa zitengwe kutoka kwenye makusanyo ya msimu uliopita na zitoke kabla ya mwisho wa Machi. Tarehe hiyo iandikwe kwenye sheria, na afisa atakayeichelewesha awajibike kwa jina la cheo chake.

Tano, sehemu ya ushuru iende kwenye ubanguaji. Ushuru huu uliwekwa ili korosho ibanguliwe nyumbani, na hadi leo sehemu kubwa inaondoka ghafi kupitia bandari ya Mtwara, ikaajiri watu Vietnam na India. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, Msumbiji nao waliweka ushuru wa aina hii kwa nia hiyo hiyo, na viwanda vya Nampula vikapata nafasi ya kufufuka. Ushuru unaozuia ghafi bila kujenga kiwanda unabaki kuwa makato tu. Fedha hizo ziwe dhamana ya mikopo kwa vyama vikuu na wabanguaji wadogo, na ajira zitakazozalishwa zihesabiwe na kutangazwa kila mwaka.

Hakuna hata moja kati ya haya matano linaloipunguzia Hazina heshima wala mamlaka ya kikatiba. Yanachoondoa ni mazoea ya kumuona anayelipa kama mtu wa kuarifiwa. Na yakifanya kazi kwenye korosho, yatafaa pia kwa pamba ya Shinyanga, kahawa ya Kagera na tumbaku ya Tabora.

Wabunge wa mikoa ya korosho mlisimama pamoja mwaka 2018 mkashindwa, kwa sababu mlianza kupigana Muswada ukiwa umekwishafika mezani. Safari hii anzeni Februari, na mwende na viongozi wa ushirika. Viongozi wa vyama vikuu, acheni kungoja pembejeo kama mgao wa msamaha. Daini hesabu ya ushuru wenu kwa maandishi. Nawe mkulima, mkutano mkuu wa chama chako cha msingi ukiitishwa, simama uulize swali moja na usikae mpaka lijibiwe: ushuru wa korosho yetu ya msimu uliopita ni shilingi ngapi, na umekwenda wapi? Ni fedha yako, na una haki ya kupewa jibu.